Mpako wa plazma unabanduka? Tafuta oksaidi kwanza, unga baadaye

Gamba la mpako lililobanduka kwenye shafti yangu ya kwanza nililitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Lilikuwa kosa. Majibu yote yalikuwa mgongoni mwa lile gamba, nami nikakaa wiki nzima nikilaumu unga wa metali tunaoupulizia, mara gesi, mara aliyeniuzia unga. Siku hizi mpako ukibanduka naokota gamba kabla sijagusa kitu kingine, nalipindua, nalitazama kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi naona rangi ya njano au kahawia iliyoganda upande uliokuwa umelalia chuma. Hiyo ni kutu. Mpako ulishika vizuri kabisa, ila ulishika kutu, na kutu haikuwa imeshika chuma.

Mwongozo huu unafuata kazi moja mwanzo hadi mwisho: shafti ya pampu ya maji, chuma cha kaboni ya kati, kipenyo cha milimita 60, iliyoliwa pale inapokaa pakingi. Tunaijaza kwa plazma, yaani kwa bunduki inayoyeyusha unga wa metali kwa gesi ya moto mkali na kuurusha juu ya chuma. Kwanza tabaka la kushikiza, yaani unga wa nikeli 95% na alumini 5%. Juu yake chuma chenye kromiamu 13%. Halafu tunaisaga irudi kwenye kipimo chake. Kama karakana yako ina bunduki ya moto wa gesi au ya waya na umeme badala ya plazma, hatua 1 hadi 6 ni zilezile.

Kwanza uelewe unachopigana nacho

Chuma kikikutana na oksijeni hujivika utando, nao ndio oksaidi. Fikiria maziwa yaliyopoa sufuriani: ukidondosha kitu juu ya utando, hakijagusa maziwa. Kwenye chuma cha kawaida utando huo hukua mpaka ukawa kutu tunayoifahamu. Kwenye alumini na kwenye chuma kisichoshika kutu unabaki wa nanomita chache, huuoni, lakini upo.

Sasa tazama kinachokuja kutoka upande wa bunduki. Ndani yake tao la umeme linaruka kati ya kathodi (ncha hasi) ya tungsteni na pua ya shaba, na gesi ya agoni iliyochanganywa na haidrojeni inapashwa hadi zaidi ya nyuzi 10,000 za Selsiasi. Unga unaoingizwa humo unayeyuka na kurushwa kwa kasi ya mita mia na zaidi kwa sekunde. Kitone kikigonga shafti kinatandazika kama chapati ya unene wa mikroni (elfu ya milimita) chache na kuganda ndani ya mikrosekunde. Katika muda huo mfupi kinatakiwa kifanye mambo mawili: kijaze mashimo na vilele vya uso uliokwaruzwa kisha kinywee na kuving'ang'ania, na pale kinapogusa chuma kitupu, joto lake liunganishe chembe za metali na metali. Oksaidi nene inaua jambo la pili moja kwa moja. Jambo la kwanza inalihujumu, kwa sababu kitone kitang'ang'ania kilele ambacho chenyewe kiko tayari kung'oka.

Hata katika hali nzuri mguso si kamili. Mtafiti McPherson wa Australia alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba ndani ya mipako ya kauri ya plazma, chapati hugusana kweli kwa sehemu ndogo tu ya eneo lake, karibu 20%. Kwa hiyo huna akiba ya kuchezea.

Oksaidi inakuvizia sehemu tatu: kwenye uso wa shafti kabla ya kupulizia, kwenye kitone kikiwa njiani hewani, na juu ya kila tabaka linalosubiri tabaka jingine. Mafundi wengi tunaijua ile ya kwanza peke yake. Nami naanza nayo, kwa sababu ndiyo inayobandua mipako mingi kuliko zote mbili zilizobaki.

Hatua ya 1: Ujue umeshika chuma gani

Shafti ya kaboni inapata kutu haraka lakini inasafishika vizuri. Alumini na chuma kisichoshika kutu hutaweza kuviondolea utando ukaisha, maana unarudi papo hapo. Unachofanya ni kuuvunja na kuukwaruza, ukapulizia mapema kabla haujaongezeka. Chuma cha kusubu kinanyonya mafuta kama mkate, inabidi kichomwe taratibu mafuta yatoke, kifutwe, kichomwe tena. Shaba inasumbua: unga wa nikeli na alumini hauishiki kwa uhakika, usiahidi mteja. Na shafti iliyogandishwa ngozi ngumu kwa naitrojeni haikwaruziki; iondoe hiyo ngozi kwa kusaga au ukatae kazi.

Hatua ya 2: Mafuta na chumvi vitoke kabla ya mchanga

Mpangilio huu haubadilishwi. Ukipiga mchanga juu ya mafuta unayapigilia ndani ya mashimo, halafu hakuna kitambaa kitakachoyafuata huko. Osha kwa kiyeyushi, futa kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, geuza kitambaa, futa tena. Kitambaa kikitoka cheupe ndiyo umemaliza.

Shafti iliyotoka kwenye pampu ya maji ya chumvi, au iliyolala miezi pwani, ioshe pia kwa maji baridi safi uikaushe mara moja. Chumvi haiyeyuki kwenye kiyeyushi cha mafuta. Inabaki kwenye vishimo vya kutu, inavuta unyevu kutoka hewani, na utashangaa shafti uliyoisafisha ikianza madoa ndani ya nusu saa huku jirani yake inang'aa. Doa likirudi palepale baada ya kusafishwa, shuku chumvi.

Kisha peleka kwenye mashine ya kukerezea. Kereza sehemu iliyoliwa mpaka upate chuma kizima pande zote, na miisho ya mfereji uilaze kwa mteremko, isiwe kona ya mraba. Kona ya mraba vitone haviingii vizuri, inajaa vumbi la oksaidi, na mpako huanza kuinuka hapo. Kereza bila mafuta ya kukatia kama unaweza. Kama huwezi, rudia kuosha.

Hatua ya 3: Pima hewa ya kompresa

Hatua hii inachukua dakika moja na wengi wanairuka. Elekeza hewa ya bomba kwenye karatasi nyeupe ya kufyonzea kwa dakika nzima. Ukiona doa la maji au mafuta, simama. Toa maji kwenye tangi, badilisha vichujio, rudia. Hewa yenye maji inapanda kutu kwenye shafti wakati uleule unaodhani unaisafisha.

Hatua ya 4: Kupiga mchanga

Tunasema mchanga kwa mazoea. Usitumie mchanga wa baharini wala wa mtoni. Vumbi la silika linaharibu mapafu ya fundi na hayaponi, na mchanga wa bahari unakuja na chumvi yake. Tumia chenga za alumina zenye ncha, namba 24 kwa shafti kama hii, mpya au zilizochujwa vizuri. Chenga zilizokwisha kutumika kusafishia vyuma vyenye kutu zitenge kabisa; hizo zimebeba unga wa kutu na zitaupanda kwenye kazi yako.

Mgandamizo wa baa 4 hadi 5, umbali wa sentimita 10 hadi 15, shafti ikizunguka polepole. Elekeza pua karibu wima. Lengo ni uso wa kijivu cheupe usiong'aa, wa namna moja, bila doa wala kivuli cha kutu ya zamani. Wanaofuata viwango vya ISO 8501-1 wanauita Sa 3, daraja la juu kabisa la usafi. Ukwaruzo wa wastani wa mikroni 5 hadi 10 unatosha.

Ukishaufikia uso huo, acha. Kuna fundi anayeamini kwamba kupiga zaidi ndiyo kushika zaidi. Chenga za alumina zinavunjika na kujichomeka kwenye chuma, na alumina ni oksaidi. Umeondoa oksaidi ya chuma ukaweka oksaidi ya alumini mahali pake, na safari hii imepigiliwa. Ukikata sampuli ukaitazama kwa hadubini unaziona chenga hizo kama vipande vyeusi vyenye kona kwenye mpaka wa chuma na mpako, na kila kipande ni mahali ambapo hakuna mshiko.

Maliza kwa kupuliza hewa kavu vumbi litoke. Kuanzia hapa hakuna kidole kinachogusa sehemu hiyo. Jasho lina chumvi na mafuta. Alama ya kidole leo ni doa la kutu kesho. Vaa glavu safi, na mgeni akija kuangalia kazi, mwonyeshe kwa mbali.

Hatua ya 5: Saa inahesabu

Chuma kilichotoka kupigwa mchanga kina njaa. Eneo lake halisi ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu ya vilele na mashimo, na kila sehemu yake ni mpya. Katika vitabu vya kazi utakuta muda wa mwisho ukiwekwa saa nne kabla ya kupulizia. Kwangu, pwani, hizo saa nne ni za msimu wa kiangazi na karakana iliyofungwa. Masika najipa saa moja, na nikiweza, chini ya hapo.

Kinachoamua hasa ni umande, kwa hiyo usitazame saa tu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa 80%, ambayo ni siku ya kawaida Mombasa au Dar es Salaam, inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26. Shafti nzito iliyolala usiku kwenye stoo ya sakafu ya saruji inaweza kuamka na nyuzi 25. Ukiitoa asubuhi inatoka jasho kama chupa ya soda. Hulioni jasho hilo kwenye uso uliokwaruzwa, lakini kutu inaliona. Kanuni ni shafti iwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya joto la umande. Kwa mfano huu, nyuzi 29 au zaidi. Na unyevu wa hewa ukipita 85%, usipige mchanga kabisa.

Niliwahi kudharau haya. Tulipiga mchanga alasiri, shafti ilikuwa safi mno, tukawa tunaandaa bunduki umeme ukakatika. Ulirudi usiku. Nikaifunika shafti kwa plastiki, nikaenda zangu. Asubuhi nikaona kama kivuli cha njano, kidogo sana, sehemu ya chini tu. Nikamwambia kijana wangu, hiki kitaungua tukiipasha. Tukapasha, tukapulizia, mpako ukatoka mzuri wa kupendeza. Kwenye mashine ya kusaga ukaanza kuinuka kwa vipande vya ukubwa wa kucha, na vyote vilikuwa upande uleule wa chini. Plastiki ilikuwa imeufungia unyevu ndani.

Sababu ya kivuli cha njano kuwa kibaya kiasi hicho si unene wake peke yake. Kutu ile changa ina maji ndani ya umbile lake. Ikipashwa inayaachia na kubaki unga mwekundu usio na nguvu. Kwa hiyo kitone cha moto kikitua juu yake, chini yake kunatoka mvuke na kunabaki vumbi. Kuipasha hakuiondoi, kunaibadilisha tu kuwa kutu ya aina nyingine. Ukiona kivuli, rudi hatua ya 4. Dakika kumi za mchanga ni rahisi kuliko kukereza mpako mzima na kuanza upya.

Hatua ya 6: Kupasha shafti, hapo ndipo penye mtego

Shafti lazima ipashwe. Ubaridi unaacha unyevu na gesi zilizonata usoni, na kitone kikifika kinachemsha hivyo vitu na kupasuka pande zote kama mafuta ya moto yaliyoingia tone la maji. Fukumoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Toyohashi, Japani, walionyesha jambo hili kwa uwazi: juu ya joto fulani la uso, vitone vinaacha kutawanyika na kuanza kutandazika kama sahani ya duara. Joto hilo linategemea ni unga gani juu ya chuma gani. Duara zima linagusa vizuri kuliko mnyunyizo wa vipande.

Kwa hiyo joto zaidi, mshiko zaidi? Ndiyo, mpaka oksaidi inapoingia. Kila nyuzi unayoongeza hewani inanenepesha utando. Watafiti wa Limoges, Ufaransa, kundi la Pierre Fauchais, wameshughulika sana na swali hili kwenye chuma cha kaboni: utando mwembamba uliokua polepole na kushika chuma chake si lazima uharibu kazi, utando mnene au dhaifu ndio unaovunja mpako. Mimi nalitafsiri hivi kwa fundi: usiogope kupasha, ogopa rangi.

Chuma cha kaboni chenyewe kinakupa kipimo. Karibu nyuzi 220 kinaanza rangi ya majani makavu, karibu 260 kinaelekea kahawia, 280 zambarau, 300 bluu. Rangi hizo zinatokana na unene wa utando, na ukikawia kwenye joto zinasogea mbele hata kama hujaongeza moto. Kwa shafti yetu lenga nyuzi 100 hadi 120 kabla ya kupulizia, na usiiache ivuke 150 wakati wa kazi. Hapo hutaona rangi yoyote, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiona majani makavu sehemu ndogo, punguza moto. Ukiona kahawia au bluu kwenye sehemu ya kupulizia, zima, poza, piga mchanga upya. Chuma kisichoshika kutu kinachelewa kuonyesha rangi, kwa hiyo kisikudanganye. Kwake tegemea kipimajoto.

Kuhusu kipimajoto: vile vya kuelekeza mwanga mwekundu vinasoma chini ya ukweli kwenye chuma cheupe. Unaweza kudhani una 110 kumbe una 180. Tumia cha kugusa, au chaki za joto zinazoyeyuka chuma kikifika joto fulani, lakini viguse sehemu ambayo haitapuliziwa.

Namna ya kupasha nayo ina hila. Watu wanachukua mwali wa oksijeni na asetilini na kuulekeza palepale. Mwali huo unazaa maji unapoungua, na kwenye chuma baridi yanaganda kuwa jasho. Utaliona linakimbia mbele ya moto. Ukisimama hapo, umeipa shafti maji, oksijeni na joto kwa pamoja, yaani kila kitu kutu inachohitaji. Kama huna njia nyingine, pasha pembeni ya sehemu ya kazi, joto litembee lenyewe ndani ya chuma. Bora zaidi pasha kwa bunduki ya plazma bila unga, shafti ikizunguka, bunduki ikitembea haraka, umbali mkubwa kidogo kuliko wa kupulizia. Shafti ya milimita 60 ni nzito, joto linachukua muda kuingia katikati. Usiharakishe kwa kuisogelea, uso utaungua ndani kukiwa bado baridi.

Joto likifika, ingiza unga hapohapo. Usiende kunywa chai.

Hatua ya 7: Oksaidi ya njiani

Mkondo wa plazma ukitoka kwenye pua unafyonza hewa kutoka pembeni, na kitone kilichoyeyuka kinapita katikati ya mchanganyiko huo. Kinavishwa utando kikiwa hewani. Chembe ndogo zinaumia zaidi, kwa sababu uso wake ni mkubwa ukilinganisha na ujazo wake. Ndiyo maana unga wenye vumbi laini usiutumie hata ukiuziwa bei nzuri. Kwa nikeli na alumini tafuta chembe za mikroni 45 hadi 90. Umbali nao: ukisogea mbali unaongeza muda wa kitone hewani, ukikaribia sana unachoma shafti. Sentimita 10 hadi 14 zinafaa, bunduki ikiwa wima kwa uso. Chini ya pembe ya nyuzi 60 mshiko unaanza kushuka, chini ya 45 usijaribu.

Hapa ndipo unapoona werevu wa huu unga tuliouchagua. Alumini inaipenda oksijeni kuliko nikeli inavyoipenda. Inajitoa mhanga, inaikamata kwanza, na inapofanya hivyo inazaa joto la ziada. Alumini na nikeli zenyewe zikiungana zinazaa jingine. Kitone kinafika moto zaidi, na nikeli yake nyingi bado ni metali. Kwa hiyo tabaka hili likipuliziwa vizuri juu ya chuma safi mara nyingi linavuka megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 35 za mshiko, na ukiona oksaidi kidogo ndani yake usishtuke.

Molibdeni inatumia ujanja mwingine ninaoupenda zaidi. Oksaidi yake inageuka gesi kwenye joto la kitone, inaruka, kitone kinatua kikiwa kitupu. Tena inayeyuka kwenye nyuzi 2,623, kwa hiyo kinayeyusha kidogo chuma kinapogusa. Ubaya ni kwamba huko kazini, sehemu yenye joto kali, molibdeni inaoksidika vilevile na kuliwa. Kwa shafti ya pampu ya maji hilo si tatizo. Kwa kitu cha tanuri ni tatizo. Halafu kuna unga wa nikeli wenye boroni na silikoni ambao baada ya kupuliziwa unayeyushwa tena kwa moto wa nyuzi elfu moja hivi: boroni na silikoni zinakusanya oksaidi na kuipandisha juu kama povu la mchuzi. Mshiko wake ni wa kuchomelea kabisa, lakini shafti nyembamba inapinda kwa joto lile.

Wanaotengeneza mapanga yanayozunguka ndani ya injini za ndege wamelimaliza tatizo kwa fedha: wanapulizia ndani ya tangi lililotolewa hewa na kujazwa agoni kidogo, na kabla ya unga wanaelekeza tao la umeme kwenye kipande chenyewe ling'oe utando wa oksaidi. Humo wanaweza kupasha kipande hadi mamia ya nyuzi bila rangi hata moja kutokea. Sisi wa karakana ya wazi tunabaki na saa na kipimajoto.

Hatua ya 8: Pulizia bila kusimama

Tabaka la kushikiza liwe milimita 0.1 hadi 0.15, halizidi hapo. Shafti izunguke, bunduki itembee kwa mwendo wa namna moja, kila pito lipishane na lililotangulia. Weka mirija miwili ya hewa kavu pembeni ya bunduki: inapoza shafti, na inafukuza lile vumbi la oksaidi linaloelea na kutua mbele ya mkondo. Vumbi hilo likitua na kufunikwa na pito linalofuata, umepanga ukoko katikati ya mpako. Baadaye utabanduka hapo katikati, si kwenye chuma, na utatafuta kosa mahali pasipo kosa.

Badilisha kwenda kwenye unga wa juu haraka, shafti ikiwa bado na joto. Ukilazimika kusimama muda mrefu, gesi imeisha au pua imeliwa, usiendelee tu ulipoishia juu ya tabaka lililopoa na kushika vumbi. Lifute vumbi kwa brashi safi ya chuma kisichoshika kutu, pasha tena, endelea. Kama imelala usiku kucha, mimi natoa yote.

Ukipima kipenyo njiani, kumbuka joto: shafti ya milimita 60 ikiwa na nyuzi 100 zaidi ya kawaida imevimba kwa takriban milimita 0.07. Ukisahau hilo utaishia na kipimo pungufu.

Na moshi huo usiuvute. Oksaidi ya nikeli inasababisha saratani, na vumbi la nikeli lenyewe linashukiwa. Feni ya kunyonya, barakoa yenye kichujio cha kweli, kioo cheusi cha macho, vizuia sauti. Bunduki ya plazma inapiga kelele za kuharibu masikio ndani ya siku chache.

Hatua ya 9: Pima kabla mteja hajapima

Kila kazi, weka pembeni ya shafti kibati cha chuma kilekile, kilichopigwa mchanga na kupashwa pamoja nayo, ukipulizie kwa mapito yaleyale. Kikipoa kikunje nyuzi 90, mpako ukiwa upande wa nje. Nyufa ni sawa. Gamba likiinuka, kazi haiendi.

Kipimo rasmi ni ASTM C633, kiwango cha Marekani cha kupima mshiko: vitufe viwili vya chuma vya kipenyo cha milimita 25.4, kimoja kimepuliziwa, vinagandishwa kwa gundi kali ya epoksi, vinavutwa mpaka viachane. Namba pekee haitoshi, angalia vimeachana wapi. Ikiwa gundi ndiyo iliyokatika, mpako una nguvu kuliko gundi na hujui ni kiasi gani. Vikiachana kati ya chuma na mpako, maandalizi yako ndiyo yaliyoshindwa, hatua ya 4 hadi 6. Vikiachana ndani ya mpako, angalia hatua ya 7 na ya 8.

Gamba nalo linasomeka bila mashine. Mgongo wa njano au kahawia: kutu ya kusubiri. Mgongo wa bluu au kijivu cheusi: ulipasha kupita kiasi. Mgongo uliojaa vichembe vinavyong'aa na kukwaruza kidole: chenga za mchanga zilizochomeka. Mgongo laini kabisa, usio na alama za vilele: hukukwaruza vya kutosha, au chenga zilikuwa zimechoka. Mgongo safi wenye vilele, rangi ya metali, lakini umebanduka hata hivyo: fikiria mafuta, au ubaridi, au mpako uliorundikwa mnene mpaka ukajivuta wenyewe.

Ukiamua kurudia, usipulizie juu ya mabaki. Hata yale yaliyoonekana kushika yametikisika pembezoni, na hewa imeshaingia chini yake. Rudisha shafti kwenye mashine, kereza mpaka chuma kitupu kionekane mzunguko mzima, pima umebakiwa na kipenyo gani, na kama bado kinabeba mzigo wa pampu, anza tena hatua ya 2.